Breki ya mota haiachii, haishiki au inapiga kelele: pa kuanzia kutafuta

Mota inanguruma, shafti haiendi popote, ovalodi (swichi ya kulinda mota ampea zikizidi) inakata, na wa kwanza kufika anasema hiyo mota imeungua. Inashushwa, inapelekwa kusukwa waya upya, inarudi, inawashwa, inanguruma vilevile. Kumbe waya hazikuwa na shida yoyote, nyuma ya feni kuna breki na hiyo breki ndo haijaachia. Nimeshaiona hiyo zaidi ya mara moja, na mara moja kati ya hizo aliyesema "imeungua" nilikuwa mimi, kwa hiyo hapa simcheki mtu.

Kwanza tuelewane inavyofanya kazi maana ukiielewa vizuri nusu ya matatizo unayatatua umekaa. Fungua kava ya feni utakuta bakuli la chuma, ndani yake koili, na kwenye hilo hilo bakuli kuna springi zimepangwa duara. Mbele yake kuna sahani ya chuma, afu diski yenye lainingi pande zote mbili, na hiyo diski imekaa juu ya habu yenye meno iliyofungwa kwenye shafti kwa kii (kipande cha chuma kinachozuia habu isiteleze kwenye shafti). Umeme ukiwa hamna springi zinasukuma sahani, sahani inaibana diski kwenye uso wa chuma wa nyuma ya mota, shafti inakaa kimya. Umeme ukiingia kwenye koili inageuka sumaku, inaivuta sahani irudi nyuma kwa nguvu kuliko springi, na nafasi inayopatikana hapo ni ndogo sana, kwa breki nyingi mpya ni kama 0.2 mpaka 0.3 mm tu, yaani unene wa karatasi mbili tatu hivi. Diski inabaki inaelea, shafti inazunguka.

Kwa hiyo umeme ndo unaoachia, sio unaoshika. Watu wengi wana picha ya breki ya gari kichwani, ukikanyaga inabana, hapa ni kinyume na imefanywa hivyo makusudi, umeme ukikatika ghafla mzigo ulioning'inia ubaki pale pale ulipo. Breki hii inaitwa breki ya kushikilia, na neno "kushikilia" lichukulie kama lilivyo: kazi yake ni kushika kitu ambacho kimeshasimama. Kwenye mota yenye draivu (kifaa cha elektroniki kinachoendesha mota na kubadilisha spidi yake) kusimamisha mzunguko ni kazi ya draivu, breki inasimamisha tu siku ya dharura. Hili nitalirudia huko mbele sababu ndo linaua breki nyingi.

Kuna aina ya pili, ipo sana kwenye mota za servo (zile zinazoenda na kusimama mahali kamili zilipoambiwa), yenyewe haina springi za kusukuma, ina sumaku ya kudumu inayoivuta sahani ibane, na koili ikipewa umeme inatengeneza sumaku ya kupingana na ile ya kudumu, zinafutana, sahani inaachia. Ikumbuke maana ina vituko vyake.

Kabla hujagusa bolti hata moja: kama mzigo unaning'inia au mhimili ni wa kusimama, weka kitu cha kuuzuia chini, gogo, pini, cheni, chochote kinachobeba uzito wote. Usiamini draivu, usiamini gia boksi. Breki ndo ilikuwa inashika na wewe unaenda kuifungua. Afu vumbi la lainingi usilipulize kwa hewa, lainingi za zamani zingine zina asbesto, futa kwa kitambaa chenye unyevu.

Haiachii kabisa, au inaachia nusu

Dalili: mota inanguruma, ampea ziko juu, ovalodi inakata, draivu inasema mkondo umezidi, servo inalalamika kwamba haifiki ilipoambiwa ifike. Ikiachia nusu mota inazunguka ila nyuma kunachemka na kuna harufu ya kitu kinaungua.

Anza na masikio. Washa, sikiliza "tak" ya sahani kuvutwa. Hamna tak? Weka ncha ya bisibisi kwenye bakuli la breki umeme ukiwepo, kama koili inafanya kazi utaisikia ikivutwa. Kama kuna mkono wa kuachia kwa mkono, uvute (mzigo umeshazuiwa, si ndio?) na uzungushe shafti. Ikizunguka laini basi chuma kiko sawa, tatizo ni umeme au sumaku. Isipozunguka hata breki ikiwa imeachiwa, tafuta kwenye beringi au gia boksi, au diski imegandia. Breki iliyokaa muda mrefu sehemu yenye unyevu lainingi inagandana na chuma kwa kutu, na hapo koili inavuta sahani vizuri kabisa na tak unaisikia ila diski haibanduki.

Sasa mita. Kosa la kila mtu ni kuchomoa plagi ya breki na kupima kwenye plagi, unaona 24 V unaridhika. Pima koili ikiwa imeungwa na inavuta mkondo, kwenye ncha za koili zenyewe, sio kwenye paneli. Waya mwembamba wa mita nyingi, rilei yenye kontakti zilizochoka, plagi yenye kutu, vyote vinaonyesha 24 V bila mzigo na vikipewa mzigo unakuta 19. Breki nyingi zinavumilia tofauti ya asilimia 10 hivi, 19 iko nje kabisa.

Kama ni breki ya mota ya kawaida inayolishwa kupitia rektifaya (kifaa chenye daiodi kinachogeuza AC kuwa DC), piga hesabu ujue unategemea nini. Rektifaya ya nusu wimbi inatoa 0.45 ya volti zinazoingia, ya wimbi zima inatoa 0.9. Kwa hiyo 230 V ikiingia, nusu wimbi inakupa kama 103 V DC, wimbi zima kama 207. Ikiingia 400 V kwenye nusu wimbi unapata 180. Mita iweke DC, sio AC, nimeona mtu anapima upande wa DC mita ikiwa AC, anapata namba ya ajabu afu anabadilisha rektifaya nzima. Ukikuta rektifaya inatoa nusu ya inachotakiwa, daiodi mojawapo imekufa imefunguka (haipitishi umeme kabisa). Ukikuta sifuri na fyuzi imekata, daiodi imekufa imejifunga (imepiga shoti).

Volti ziko sawa na hamna tak? Zima, tenganisha koili, pima ohm. Jibu liko kwenye kibandiko: chukua volti zidisha kwa volti gawanya kwa wati. Breki ya 24 V yenye wati 18 ni 32 ohm. Ya 103 V yenye wati 25 ni kama 424. Mita ikikwambia haina mwisho, waya wa koili umekatika, ikikwambia ohm chache kuliko hesabu, mizunguko imegusana. Afu pima na mega (mita ya volti kubwa ya kupima insulesheni) kutoka koili kwenda kwenye bodi, ila chomoa rektifaya na draivu kwanza la sivyo utaziua zenyewe.

Koili nzima, volti nzima, haivuti. Hapa ndo watu wanakwama na hapa ndo penye utamu. Lainingi inavyolika sahani inasogea mbali na sumaku, ile 0.3 inakuwa 0.5, inakuwa 0.8, na nguvu ya sumaku inashuka haraka sana nafasi inavyokua, ukiongeza nafasi mara mbili nguvu ya kuvuta inakuwa kama robo hivi. Inafika siku springi zinashinda. Kwa hiyo breki iliyolika mara nyingi dalili yake ya kwanza sio kushindwa kushika, ni kushindwa kuachia. Mtu ukimwambia lainingi imeisha ndo maana haiachii anakuangalia vibaya. Chukua fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), pima sehemu tatu kuzunguka duara, linganisha na namba ya mtengenezaji ya breki hiyo hiyo. Kama diski bado ina unene wa kutosha, rekebisha nafasi kwa nati zake, zote sawasawa. Kama unene umefika mwisho weka diski mpya, kukaza nati kwenye diski iliyoisha ni kujidanganya.

Kwa ile ya sumaku ya kudumu kagua kitu kingine kabla ya yote: plasi na minasi. Breki ya springi haijali, sumaku inavuta chuma upande wowote utakaounga (labda ndani yake kuna daiodi ya kulinda, hapo ukigeuza unachoma daiodi). Lakini ya sumaku ya kudumu ukigeuza waya koili inaisaidia ile sumaku badala ya kuipinga, na breki inabana zaidi. Na kuna kituko cha pili: ukiipa volti nyingi kupita kiasi koili inaifuta sumaku ya kudumu afu inapitiliza, inakuwa sumaku yenyewe, sahani inavutwa tena. Yaani volti kidogo haiachii, volti nyingi haiachii. Mtu akiona haiachii akaongeza volti anazidi kuharibu.

Na kuna hii, mota ya zamani ilikuwa inawashwa na kontakta (swichi kubwa inayovutwa na koili), rektifaya ya breki imeungwa ndani ya boksi la mota kwenye tamino zile zile za mota, ilifanya kazi miaka. Siku moja wanaweka draivu ili wapunguze spidi. Breki inaanza kugonga gonga, haiachii kwenye spidi ndogo, rektifaya inakufa. Sababu ni kwamba draivu ikiendesha mota kwa hezi chache inatoa na volti chache, na hata hizo sio umeme laini, ni mapigo mapigo. Breki kwenye draivu lazima ipate waya wake, umeme wake wenyewe usiobadilika, na draivu iwe inaiamrisha kupitia rilei. Ondoa vipande vinavyounganisha rektifaya na tamino za mota ndani ya boksi, tatizo limeisha.

Asubuhi inaachia, ikishapata joto inagoma

Hii inachanganya sababu kila ukifika na mita imeshapoa na inafanya kazi. Waya wa koili ni shaba, na shaba ikipata joto ohm zinapanda karibu asilimia 0.39 kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Ile koili ya 32 ohm ikiwa na digrii 20, ikifika 100 inakuwa 42. Mkondo unashuka kutoka 0.75 A mpaka 0.57 A, robo nzima imepotea na hamna kilichoharibika. Breki yenye nafasi sahihi na volti sahihi imetengenezwa ikijua hilo, inahimili. Ila nafasi ikiwa imeshakua kidogo na volti zimeshapungua kidogo kwenye waya, joto ndo linamalizia. Kwa hiyo usitafute koili mbovu, tafuta vile vitu viwili vidogo vilivyoungana. Na pima ikiwa ya moto.

Haishiki, mzigo unashuka wenyewe

Mafuta kwanza. Oili sili ya mota au ya gia boksi ikichoka mafuta yanatembea kwenye shafti mpaka kwenye diski, na tone dogo tu linatosha. Grisi iliyojazwa kwa mbwembwe kwenye beringi ya nyuma nayo inafika hapo hapo. Lainingi iliyonyonya mafuta haisafishiki, utaipangusa na petroli itashika siku mbili mafuta yatatoka tena ndani, weka mpya na utibu sili, zote mbili kwa pamoja.

Pili angalia mkono wa kuachia. Kuna mtu aliuvuta akaufunga ili azungushe kitu afu akaondoka. Inachekesha mpaka siku ikukute. Lakini kuna ya kimyakimya zaidi: bolti za mkono wa kuachia zinatakiwa ziwe na uchezaji kidogo, na lainingi inavyolika sahani inaifuata diski mbele, uchezaji unaisha, bolti zinaikamata sahani na kuizuia isiende kubana. Springi zinasukuma, bolti zinazuia, diski inateleza. Anayerekebisha nafasi ya sahani bila kurekebisha na uchezaji wa mkono amefanya nusu ya kazi.

Tatu, lainingi imeng'aa kama kioo. Hii ni ile niliyosema ningeirudia: breki ya kushikilia inatumika kusimamisha. Kila mara draivu inakata umeme mota ikiwa bado kwenye spidi na breki inabeba kila kitu, lainingi inachemka, uso unaiva unakuwa mgumu, msuguano unapotea. Ukibadilisha diski bila kubadilisha mpangilio kwenye draivu utarudi tena na diski nyingine. Draivu ishushe spidi mpaka sifuri, breki ibane ndo mota iachiwe.

Nne fungua uangalie meno ya habu. Diski inaweza kuwa imebanwa vizuri kabisa ila meno yake ya ndani yamenyolewa, au kii haipo, basi shafti inazunguka ndani ya diski iliyosimama.

Kuna mtu atakwambia kaza pete ya springi kidogo, au ongeza springi mbili. Kama kuna mafuta au lainingi imeiva haitasaidia, na hapo hapo umeipa koili mzigo zaidi wa kuvuta, kesho inakuwa haiachii. Idadi ya springi inapangwa kiwandani kulingana na mota, iache.

Inashika lakini inachelewa

Hoisti inashuka kipande baada ya kuachia batani, au konveya inapitiliza. Uliza umeme wa breki unakatwa wapi. Ukikata upande wa AC kabla ya rektifaya, koili inakuwa bado na nguvu iliyohifadhi na mkondo unaendelea kuzunguka kupitia daiodi ya rektifaya, unaisha polepole, na sumaku inaachia polepole. Ukikata upande wa DC mkondo unakatwa hapo hapo na breki inabana mara kadhaa haraka zaidi. Kwa vitu vinavyoning'inia kata DC. Ila ukikata DC koili inarusha volti kubwa sana kinyume, lazima kuwe na varista (kifaa kinachomeza volti zikipanda ghafla) ya kuzimeza, na kontakti iwe ya kuhimili DC, sio rilei ndogo uliyoikuta kwenye droo.

Mambo hayo hayo kwenye breki ya 24 V: fundi anaweka daiodi ya kawaida kwenye koili ili kulinda transista ya draivu, inalinda kweli, na inachelewesha breki kweli. Varista mahali pake ni bora.

Na kama rektifaya imeungwa kwenye tamino za mota, kontakta ikifunguka mota inayoendelea kuzunguka inazalisha umeme kidogo, ule umeme unailisha breki, breki inabaki imeachia wakati mzigo unashuka. Tena hapo dawa ni kuipa waya wake.

Mzigo unashuka kidogo kabla ya kupanda

Breki haina kosa. Draivu inafungua breki kabla mota haijapata nguvu ya kubeba. Mpangilio ni mota ipewe mkondo, nguvu ijengeke, breki ifunguliwe, isubiriwe mpaka sahani imevutwa kweli, ndo spidi ianze kupanda. Muda huo wa kusubiri kwa kawaida ni makumi au mamia machache ya milisekunde, uko kwenye karatasi za breki. Ukiuweka mfupi mota inaanza kuvutana na breki, ukiuweka mrefu mota inakaa imesimama inachemka bure.

Kelele

Kugonga gonga mota ikizunguka, hasa bila mzigo au ikiwa kwenye draivu: ni diski inacheza kwenye meno ya habu. Ikiwa kidogo ni kawaida, ikiwa kubwa meno yameliwa. Mlio mkali wa kusugua: haijaachia vizuri, rudi juu. Mngurumo wa koili kwenye breki ya DC ambayo zamani ilikuwa kimya: rektifaya ya wimbi zima imepoteza daiodi imekuwa nusu wimbi, pima volti.

Koili inaungua, unaweka mpya, inaungua tena

Soma kibandiko cha koili na cha rektifaya uviweke pamoja. Koili ya 103 V ikiwekwa kwenye rektifaya ya wimbi zima inapata 207, wati zinakuwa mara nne, haifiki mbali. Kuna rektifaya za ujanja zinazotoa wimbi zima kwa sehemu ya sekunde ili sahani ivutwe haraka afu zinashuka nusu wimbi kushikilia, hizo zikikwama kwenye hatua ya kwanza zinapika koili, na ukiipima haraka haraka ukiondoka hutaona, subiri sekunde chache uone kama volti zinashuka. Sababu nyingine ni varista iliyokufa upande wa DC, maji yaliyoingia kupitia tundu la waya, na mota inayokaa muda mrefu kwenye spidi ndogo ambapo feni ya nyuma haipulizi chochote.

Ukimaliza na kufunga, fungua na ufunge breki mara kumi hivi bila mzigo, pima nafasi tena maana diski mpya inakaa vizuri baada ya kubanwa mara kadhaa, afu pandisha mzigo kidogo tu kutoka chini, chora alama kwa chaki kwenye shafti na kwenye bodi, uiache dakika kumi. Namba uliyopata kwenye fila geji iandike kwa maka ndani ya kava ya feni pamoja na tarehe, atakayefungua mwakani atajua lainingi imelika kiasi gani bila kubahatisha.